Mashine ya Kusukuma kwa Mkono: Kukata Majani Kwenye Parachichi Bila Kununua Petroli



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa huku kwetu Njombe alinifuata ofisini. Alikuwa na ekari mbili za parachichi aina ya Hass, miti 160 na kitu, inaingia mwaka wa tatu. Akaniuliza, "Bwana shamba, majani yananishinda, nifanyeje?" Nikamjibu haraka haraka kama mtu anayejua: nunua mashine ya kufyekea ya kubeba begani, ile ya petroli, utamaliza kazi siku mbili. Akanunua. Mwaka wa kwanza kweli shamba lilipendeza, hata mimi nilipeleka wageni kuliona.

Mwaka uliofuata viazi vilishuka bei, hela yote aliyotegemea ikayeyuka. Mwezi wa tano, mvua inaisha, ndiyo wakati wa kufanya mkato wa mwisho kabla majani hayajakomaa, na yeye hana hela ya mafuta. Akasema atafyeka mwezi wa sita. Mwezi wa sita ada ya shule ya mdogo wake. Wa saba, mashine imekaa muda mrefu na mafuta ndani, kabureta imeziba. Mwezi wa tisa majani yanafika kiunoni, makavu kama karatasi, na upepo wa huku mnaujua. Jirani akachoma mabaki ya shamba lake.

Alinipigia saa mbili usiku. "Bwana shamba, moto umeshapita." Hakusema kingine. Asubuhi tulihesabu pamoja miti 47 iliyokufa, na mingine iliyobabuka upande mmoja ikachukua mwaka kurudi.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Moto aliuwasha jirani, ni kweli. Lakini mimi nilimpigia yule kijana hesabu ya kasi tu, kwamba mashine itamaliza kazi siku ngapi. Sikumuuliza swali moja dogo: je, kila mwezi wa mvua, wiki ile majani yanapotakiwa kukatwa, utakuwa na hela taslimu ya petroli mfukoni? Kijana anayeanza kilimo cha biashara anaweza kuwa na nguvu, na muda, na shamba zuri, halafu akakwama kwa kukosa shilingi elfu kumi na tano wiki moja tu.

Kwa hiyo somo la leo ni mashine ya kukata majani ya kusukuma kwa mkono. Wengi mnaiona kama kitu cha kukatia majani ya uwanja wa shule au nyumba za wakubwa wa zamani. Ni kweli, ilitengenezwa kwa ajili ya bustani. Aliyeibuni ni Mwingereza anaitwa Edwin Budding, mwaka 1830, baada ya kuona kiwandani mashine ya kunyoa nyuzi zinazotokeza juu ya kitambaa. Petroli wakati huo haikuwepo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mashine ina magurudumu mawili, katikati kuna ngoma ya visu vilivyopinda kama msokoto, na chini yake kuna kisu kimoja kilichotulia. Ukisukuma, magurudumu yanazungusha ngoma, visu vinapita juu ya kisu cha chini, jani linakatwa katikati yao kama kwenye mkasi. Basi. Hakuna plagi, hakuna kamba ya nailoni, hakuna oili ya 2T.

Kabla hujaenda kuitafuta, tuelewane inachoweza na isichoweza, maana mimi mwenyewe nilianza kwa aibu. Niliazima moja iliyokuwa imelala stoo ya shule, nikaipeleka kwenye shamba la kijana mwingine mbele ya kikundi chao. Majani yalikuwa yamefika magotini. Nikasukuma kwa kujiamini. Ikaenda hatua tatu, ikakwama. Nikavuta nyuma, nikasukuma tena, majani yakalala chini, mashine ikapita juu yake, na nilipogeuka yakawa yanainuka taratibu kama yananiaga. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Kaka, turudi kwenye fyekeo tu."

Alikuwa sahihi kwa siku ile. Mashine hii haikati majani marefu. Mwisho wake ni kama sentimita 10 hivi, yaani urefu wa kiganja bila vidole. Ikizidi hapo ngoma inayalaza badala ya kuyakata. Mabua magumu, kishonanguo kilichokomaa, vichipukizi vya miti, hivyo vyote havikatiki. Fyekeo linafanya kazi ukichelewa, ya petroli nayo inafanya kazi ukichelewa, ila hii ukichelewa imekwisha. Ndiyo maana nasema siyo kwa kila mtu. Inamfaa mkulima anayekaa karibu na shamba na anayeweza kushika ratiba.

HESABU YA SHAMBA

Chukua daftari. Ekari moja ni takribani mita 64 kwa 64. Ukipanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 unapata miti 80 na ushee, na njia 9 kati ya mistari. Kila upande wa mstari wa miti acha mita moja ambayo huipitishi mashine, hapo utaweka matandazo. Inabaki njia ya majani yenye upana wa mita 5.

Mashine yenye upana wa sentimita 40, ukiipitisha kwa kulalia kidogo mkato uliotangulia, inakupa kama sentimita 35 za kazi. Njia moja inahitaji mipito 14 au 15. Zidisha kwa mita 64, zidisha kwa njia 9, utakuta umetembea kilomita 8 na kidogo kwa ekari moja. Kwa mwendo wa kusukuma wa kilomita 3 kwa saa ni karibu saa tatu. Weka kugeuza, kupumzika, kunywa maji, kutoa majani yaliyonasa: saa nne. Yaani nusu siku kwa ekari, kwa mtu mmoja mwenye nguvu zake.

Sasa tulinganishe kwa haki, maana kuna watu wanapenda kulinganisha kwa upendeleo. Ya petroli huhitaji kuipitisha mara nyingi. Majani yakirefuka inakata tu. Tuseme mara 5 kwa msimu wa mvua, Desemba mpaka Mei. Ya kusukuma utaipitisha kila wiki mbili, na Februari na Machi mvua ikichanganya na jua hata kila siku 10, tuseme mara 12.

Bei nitakazoweka hapa ni za mfano, weka za kijijini kwako. Ya petroli, tuseme inakunywa lita 4 kwa ekari. Mara 5 ni lita 20. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 60,000. Oili, kamba na plagi weka 20,000. Mtu wa kuibeba siku nzima kwa 10,000, mara 5, ni 50,000. Jumla 130,000. Ya kusukuma: kibarua wa nusu siku kwa 5,000, mara 12, ni 60,000. Tofauti ni shilingi 70,000 kwa ekari kwa msimu.

Elfu sabini haikununulii kiwanja, najua. Lakini angalia zimegawanyika vipi. Kwenye ya petroli, 80,000 lazima itoke mkononi taslimu, sheli haikukopeshi. Kwenye ya kusukuma, ile 60,000 yote ni kazi, na kazi unaweza kuifanya mwenyewe asubuhi mbili tatu kwa mwezi, au mkabadilishana nguvu na mwenzako. Na bei ya mafuta huipangi wewe. EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, na mwaka 2022 mliona lita ilivyopita shilingi 3,000. Halafu bado hujahesabu bodaboda ya kwenda mjini na kidumu, au yale mafuta ya kwenye chupa ya njiani ambayo hujui yamechanganywa na nini.

Ukizidi ekari tatu kwa mtu mmoja, hesabu hii inageuka. Ekari tano kwa kusukuma ni siku mbili na nusu kila wiki mbili, utaacha lini kupogoa, kuweka mbolea, kukagua magonjwa? Mwenye ekari tano na kuendelea abaki na ya petroli, au atumie ya kusukuma kwenye yale maeneo ya miche michanga tu. Simwambii mtu auze mashine yake.

MAANDALIZI, HAPA NDIPO WENGI WANAPOFELI

Shamba nyingi za parachichi huku zilikuwa za mahindi au viazi. Matuta ya zamani bado yapo chini ya majani. Mashine ikifika kwenye tuta, gurudumu moja linaning'inia, ngoma inaacha kuzunguka, au kisu cha chini kinakwangua udongo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni jembe: sawazisha njia. Huhitaji kuwa kama uwanja wa mpira, ila mguu usijikwae. Fanya Novemba mvua za kwanza zikilainisha udongo, lakini usichimbe ndani ya kivuli cha mti. Mizizi ya parachichi inayokula iko juu juu, jembe likipita hapo unamkata mti mdomo na unafungua mlango wa ugonjwa wa kuoza mizizi.

Ya pili, mawe na visiki. Pita kwa miguu njia nzima, okota. Jiwe moja la ukubwa wa yai linatosha kupinda kisu. Ya tatu, fyeka kwanza kwa fyekeo mpaka chini, kusanya yale majani marefu uyatandaze kwenye mistari ya miti, halafu subiri majani mapya yafike sentimita 7 au 8. Hapo sasa ingiza mashine. Nilipolijua hili nilirudi kwenye kikundi kile kile kilichonicheka, tukafyeka, tukasubiri siku kumi na mbili, na safari hii aliyesema turudi kwenye fyekeo ndiye aliyeishika mashine mpaka mwisho wa njia.

Mteremko mkali achana nao. Mteremko wa kawaida sukuma kwa kukatiza mlima, usipande na kushuka, utachoka bure.

Kiwango cha kukata kiweke sentimita 4 au 5. Nyuma kuna rola yenye skrubu za kupandisha na kushusha, hiyo ndiyo inayoamua urefu. Watu wanapenda kukata mpaka chini kabisa wakidhani watakaa muda mrefu bila kurudia. Kinyume chake, ukinyoa mpaka udongo uonekane unaua ukoka unaoshika ardhi, yanaingia magugu mapana, na mvua ya Machi inabeba udongo wako kwenda kwa jirani. Kata theluthi moja ya urefu wa jani kila unapopita. Baada ya miezi kadhaa utaona yale marefu yenye mabua yanapungua na ukoka unatawala. Shamba lenyewe linakuwa rahisi kukatwa kadiri unavyolikata.

Umande nao. Njombe asubuhi kila kitu kimelowa. Majani mabichi yenye maji yanaganda kwenye ngoma na mashine inakuwa nzito mara mbili. Anza saa nne, jua likishapita. Masaa ya mwanzo fanya kazi nyingine.

Majani yaliyokatwa ni mafupi, yanaoza haraka, yaache pale pale njiani yarudishe naitrojeni kwenye udongo. Yakiwa mengi, yakusanye kwa reki, yaanike siku moja, ndipo uyasogeze kwenye miti. Ukiyarundika mabichi yanapata joto na kushikana kama blanketi, maji hayapiti. Na usiyagusishe na shina, acha nafasi ya kiganja au viwili, la sivyo unaita kuoza kwa shina na unawapa panya mahali pa kulala wakati wanatafuna gome. Mwenye ng'ombe aendelee na fyekeo kwenye sehemu ya malisho, maana linaacha majani marefu ya kufunga mzigo.

KUNOA NA KUREKEBISHA

Mashine nyingi mtakazozipata ni za zamani, zimelala kwenye stoo za shule, misheni, nyumba za serikali. Kabla ya kununua mpya ulizia hizo, nyingi zinauzwa kwa mapatano. Igeuze, zungusha ngoma kwa kijiti. Kama ngoma imenyooka na visu vyake havijavunjika, kisu cha chini hakijapinda, na meno yaliyo ndani ya magurudumu hayajaisha, chukua. Kutu ya juu isikutishe, na mpini ni wa kutengeneza. Lakini meno yakiisha achana nayo, utahangaika kutafuta kipuri.

Jaribio la kujua kama inakata: chukua kipande cha gazeti, kiingize kati ya ngoma na kisu cha chini, zungusha taratibu. Kikikatwa safi kama kwa mkasi, iko sawa. Kikikunjwa, kuna nafasi. Pande zote mbili kuna skrubu za kusogeza kisu na ngoma vikaribiane. Kaza kidogo sana upande huu, kisha upande ule kiasi hicho hicho, jaribu tena gazeti kulia, katikati na kushoto. Visu viguse kama vinabusiana, visisagane. Ukisikia kelele ya chuma kwa chuma umekaza mno, na hapo ndipo mashine inakuwa ngumu kusukuma na watu wanaitukana.

Ikiwa butu, usiipeleke kwa fundi wa mapanga akapiga tupa kila kisu kivyake, atakuharibia ulinganifu wa ngoma. Nenda kwa fundi magari, omba ile dawa ya kusagia valvu, yenye mchanga ndani. Paka kwenye visu, kisha zungusha ngoma kinyumenyume, kwa nyingi inabidi utoe gurudumu moja kwanza ili kuishika. Zungusha dakika kumi au kumi na tano, futa yote kwa mafuta ya taa, rekebisha kwa gazeti. Mara moja kwa msimu inatosha kama umeokota mawe yako.

Nisisitize hili kwa herufi kubwa: USIINGIZE KIDOLE KUTOA MAJANI YALIYONASA. Watu wanaona haina injini wanadhani haina hatari. Ngoma inazunguka gurudumu likisogea nchi moja tu, na mtoto akigusa mpini wakati mkono wako uko ndani, kidole kimekwenda. Tumia kijiti. Watoto wasiisukume, najua wataipenda.

MKATO WA MWEZI WA TANO

Katika mikato yote 12, huu usiukose hata kama umekosa mingine. Mvua ikionyesha dalili ya kuisha, pita mara mbili ndani ya mwezi, ya mwisho ukiona majani yameacha kukua. Ukiingia kiangazi na majani ya sentimita 5, hata moto ukija unatambaa chini na unaweza kufa njiani, na una muda wa kuupiga kwa matawi. Ukiingia na majani ya kiunoni, miali inafika kwenye matawi ya mti na hakuna mtu wa kuisogelea.

Lakini msinielewe vibaya, majani mafupi siyo njia ya kuzuia moto. Yakikauka yanaungua pia. Kuzunguka shamba lazima ulime kwa jembe mpaka udongo mtupu, upana wa mita 3 au 4, na upande unaotoka upepo ongeza. Kila mwezi mpaka mvua zirudi pitia kuondoa majani yaliyopeperushwa hapo. Na mfuate jirani yako mapema, mwezi wa saba, mkubaliane siku ya kuchoma, msaidiane. Ukimfuata mwezi wa tisa ameshawasha.

Baada ya mkato wa mwisho ioshe mashine, ikaushe, paka oili kwenye visu na ndani ya magurudumu, itundike. Isikae sakafuni kwenye unyevu.

Yule kijana wangu wa miti 47 alipanda mingine mwaka uliofuata. Ya petroli bado anayo, anaitumia kwenye kingo na sehemu ya bondeni ambako majani ni magumu, lita mbili tatu kwa msimu mzima. Njia za katikati anasukuma yeye na mdogo wake kwa zamu, ekari moja Jumamosi hii, nyingine Jumamosi inayofuata. Mwezi wa tano uliopita nilipita bila kumpa taarifa, nikamkuta ndiyo anafuta visu. Akaniambia, "Bwana shamba, chukua gazeti ujaribu mwenyewe." Nikajaribu. Lilikatwa.